Jagi la Maji na Mlango wa Choo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Anold kaondoka alfajiri. Kazini Handeni, kwenye nguzo za umeme. Likizo ya mwanangu imekwisha na mguu wangu bado — hogo la plasta kuanzia pajani mpaka kifundoni, wiki nne zingine. Nilianguka nikizibua mfereji wa bati. Mzee mzima juu ya ngazi, ndiyo, na sitaki maoni ya mtu.

Kabla ya kuondoka kanipangia maisha kama anayepanga stoo. Kitanda kakihamishia chumba cha nyuma, kile cha kutazama uani, eti baba awe karibu na choo. Kiti changu mlangoni nipate upepo. Redio kulia, magongo kushoto, stuli mbele. Haya! Mfalme wa Makorora nimetawazwa.

Mbele yangu, hatua kumi na mbili, mlango wa choo. Miaka sabini na mitatu nimeishi duniani, na sasa nimekabidhiwa mlango wa choo niutazame kutwa.

Kichwa kinauma. Kimeanza saa nane, hapa juu ya macho. Ni huyu Rahimu, fundi mageti wa nyumba ya pili, anagonga chuma tangu asubuhi. Nani alimruhusu kufungua karakana katikati ya makazi ya watu?

Ritha, mkamwana wangu, kaniletea jagi la maji ya kuchemsha, kalifunika kwa kitambaa cha kufuma. Kapiga goti, kanipa kikombe kwa mikono miwili, uso kautazamisha pembeni. Kalelewa huyu. Kwao Maramba bado wanafunza watoto. Kasema Anold kaagiza ninywe lote liishe.

Nimemshukuru. Alipoingia jikoni nikaugeukia ule mpapai nyuma ya kiti, nikaumwagia yote.


Jumanne, 4 Februari 2025

Niliandike hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kulisemea.

Choo chetu kina ngazi mbili na sakafu yake haikauki. Kwa mguu huu siwezi kuingia peke yangu. Lazima mtu anishike kwapani, anipandishe, anikalishe, atoke, asubiri, aitwe, aingie tena kuninyanyua. Wiki mbili Anold alifanya hivyo. Mwanangu wa kuzaa, na bado nilikuwa nafumba macho.

Sasa humu ndani tumebaki watatu: mimi, Ritha, na mtoto wao Beatrisi wa miezi mitano, aliyepewa jina la marehemu mke wangu. Anishike nani? Mkamwana? Hapana! Hata chupa ya chumbani, angeimwaga nani kama si yeye?

Kwetu milimani, enzi za baba yangu, mkamwana akimwona baba mkwe njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Mama yangu alizeeka hajawahi kulitamka jina la babu yangu. Sisemi turudi huko. Tumeelimika, tunakula meza moja Krismasi. Lakini kutoka meza ya Krismasi mpaka kunivua suruali chooni — huo mwendo si wa siku moja. Bora nife nimekauka.

Kwa hiyo nimepanga na Sadalla. Seremala mstaafu, nyumba ya tatu, rafiki wa miaka arobaini. Anapita akitoka swala ya alfajiri, na tena baada ya isha. Safari mbili kwa siku, basi. Kilichobaki ni kupima maji yanayoingia yalingane na safari zilizopo. Kikombe cha chai asubuhi, nusu kikombe na ugali wa jioni.

Miaka thelathini na mmoja nilisimamia mtambo wa kusukuma maji. Kama kuna mtu katika mji huu anajua kugawa maji, ni mimi.


Alhamisi, 6 Februari 2025

Siku ya nne ya kichwa. Sasa kinaanza saa tano asubuhi. Nikiinama kinagonga, nikiinuka nyota. Nimemeza Panadol mbili, zinanicheka. Siku hizi hata dawa ni chokaa tu.

Labda ni miwani. Miwani hii ya mwaka juzi, kijana wa duka aliniharakisha kama nanunua karanga.

Joto! Kaskazi ya mwaka huu imekuja na visasi. Bati linalia tik tik juu. Mbwa wa jirani kalala ndani ya mtaro.

Halafu Ritha. Kila siku saa sita sita hivi anamfunga mtoto mgongoni, anavuka barabara kwenda kwa jirani yetu Praxeda. Nikimuuliza anasema anaomba chumvi. Jana chumvi. Juzi chumvi. Leo chumvi! Nimeiona pakiti kwa macho yangu, imejaa, dirishani jikoni. Angesema anakwenda kupiga soga, ningemwelewa. Lakini kwa nini anidanganye mimi, mtu niliyefungwa mguu? Limenikaa rohoni.

Sadalla alipokuja jioni aliniangalia sana.

"Manase, midomo yako imepasuka kama jaruba la mpunga lililokosa mvua. Wanywa maji weye?"

Nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini. Akafuta machozi. Akasema, "Yakhe, mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikamuuliza, je, kama ni mke wa mwanao, Mastura, ungekubali akupeleke?

"Wallahi, nami ningekauka," akasema.

Basi. Angalau mtu mmoja ana akili.


Jumamosi, 8 Februari 2025

Nimedhalilishwa. Nyumbani kwangu, mchana kweupe!

Ritha kamwita Nasra, yule muuguzi wa zahanati anayepanga mtaa wa nyuma. Kapita akitoka zamu. Shikamoo mzee, marahaba, vizuri. Kapima presha, iko chini kidogo. Kachoma kidole, malaria hakuna. Kisha akanifinya ngozi nyuma ya kiganja akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama. Hairudi! Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo akaniuliza, kwa sauti ya kuitia sokoni, mkojo wangu una rangi gani.

Mkojo. Rangi gani. Na Ritha kasimama hapo na jagi mkononi!

Ritha akatazama paa. Kisha akakimbilia ndani kumbembeleza mtoto ambaye wala hakuwa analia. Mimi nikasema rangi ya kawaida. Uongo. Ni rangi ya chai ya rangi iliyochachia usiku kucha.

Nasra hakudanganyika. Kasema kichwa hiki si miwani wala si makelele. Ni maji. Damu ikipungukiwa maji inakuwa nzito, kichwa ndicho kinachopiga kelele kwanza. Halafu kizunguzungu, halafu figo. Kwa joto hili mzee kama mimi anatakiwa vikombe vinane. Akaniambia ninywe kidogo kidogo, nisingoje kiu, maana wazee kiu yao inachelewa.

Kunifundisha maji! Mimi nilikuwa nasukuma maji kwenda nyumba walizozaliwa wakunga waliomzalisha mama yake!

Lakini — hapa hakuna anayesoma — yuko sawa. Pampu ikizunguka bila maji inaungua. Kwanza inapata joto, kisha inanguruma, kisha harufu. Nimewahi kumfokea kibarua mpaka akalia kwa kosa hilo. Nilikuwa najua tangu Jumatano kichwa hiki ni cha nini. Kujua si tatizo langu. Tatizo langu ni mlango ule pale.

Wakati wa kuaga kasema atarudi wiki ijayo. Akinikuta hivi, anaandika barua nilazwe, nitundikiwe dripu. Na kule wodini nani atanishika? Mabinti wa umri wa wajukuu, wanne kwa zamu. Aibu ya mmoja au aibu ya wanne, chagua mzee!


Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa hofu ya dripu nimekunywa vikombe vitatu wakati wa ibada ya redioni. Kichwa kikapungua, kweli. Kufikia saa saba nikawa naisikia redio bila kukunja uso.

Saa tisa nikahitaji kwenda. Sadalla haji mpaka baada ya isha.

Sitaeleza. Nilishika mikono ya kiti. Nilihesabu bati zote za banda la Rahimu, kwenda na kurudi. Ritha kapita, kaniona jasho linanitiririka, kauliza baba unaumwa? Nikasema nasali.

Saa kumi na moja. Saa kumi na mbili. Adhana ya magharibi. Adhana ya isha! Sadalla kaja anatembea kama bwana harusi. Nilimtukana kabla ya salamu.

Sitarudia tena. Kichwa kiume tu.


Jumatatu, 10 Februari 2025

Mabaya hayaji moja moja. Shemeji yake Sadalla kafariki Mwera. Sadalla anaondoka leo, atabaki mpaka hitma, wiki nzima. Kanishika mkono, kaniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeua. Nikampa pole. Nilimpa pole ya kweli, marehemu nilimfahamu. Lakini roho yangu nyingine ilikuwa inauliza, na mimi je?

Nikampigia Anold. Nikazunguka, nikazunguka, mwishowe nikasema Sadalla kasafiri. Akanijibu, "Baba, si Ritha yupo?"

Ritha yupo! Kama anasema kijiko kipo. Huyu mtoto nilimsomesha mpaka chuo. Nikakata simu.

Kumbe Sadalla kabla ya kupanda gari kapita kwa Rahimu, kamwomba awe ananisaidia. Yule yule fundi wa kelele! Rahimu anaweza kuja asubuhi kabla ya kuwasha mashine. Jioni hawezi, anafunga mapema, hapa ni karakana tu, nyumba yake iko mbali. Kwa hiyo safari mbili zimekuwa moja. Nimefuta ile nusu kikombe ya jioni.

Mtoto analia leo. Sauti inaingia sikio hili inatoka kwenye jicho.


Jumatano, 12 Februari 2025

Rahimu ana mikono migumu na adabu nzuri. Anatazama ukutani na kupiga mluzi nisione haya. Nimemdhulumu huyu kwenye daftari hili. Saa mbili alipowasha mashine nikamlaani upya.

Kichwa: kutwa nzima sasa. Leo nilipogeuka kuchukua redio uwanja ulizunguka, na mlango wa choo ukawa milango miwili. Kana kwamba mmoja hautoshi.

Jambo jingine. Ritha haombi chumvi tena. Praxeda kafunga nyumba tangu juzi, kaenda Korogwe kumuuguza bintiye aliyejifungua. Basi mkamwana wangu kanuna kwa kukosa soga. Kajifunga khanga kichwani, kaikaza, anatembea taratibu kama aliyebeba mtungi. Kaja kuniomba Panadol — kwangu! Mbili, akameza kavukavu. Nikamsukumia jagi. Akasema ahsante baba, nimeshakunywa.

Hajanywa. Nimemtazama mchana wote, sina kazi nyingine. Amekula ugali na dagaa, jua hili, bila hata funda moja. Mimi ananipigia goti mara tano kwa siku, baba maji, baba maji, na yeye mwenyewe mama anayenyonyesha hagusi! Nimekasirika mpaka nimesahau kwamba na mimi simnyweshi mtu ila mpapai.

Na mtoto, sasa nimeelewa kilio chake. Anashika titi, ananyonya kidogo, anaachia, anapiga kelele. Beatrisi mkubwa angejua la kufanya. Angemfokea mtu fulani, na angekuwa amemfokea anayestahili.


Alhamisi, 13 Februari 2025

Nimesikia. Sikukusudia. Dirisha la jikoni liko wazi na mimi niko hapa, nitaziba masikio kwa nini?

Ritha alikuwa anaongea na mama yake Maramba. Alisema kichwa kinampasuka siku ya tatu, na maziwa yamepungua, mtoto hashibi. Nadhani mama yake alimwambia anywe maji, maana Ritha alijibu kwa sauti ya kulia.

"Nikinywa nitakwenda wapi, mama? Baba yuko mlangoni pale kutwa, anatazama choo. Nitapitaje mbele ya baba mkwe na kopo mkononi?"

Akaeleza. Alikuwa anakwenda kwa Praxeda, sasa Praxeda hayupo. Anangoja mpaka nikishalala. Akinywa asubuhi, hafiki usiku.

Nimekaa na hilo neno. Anatazama choo.

Nikahesabu. Siku kumi na moja kwenye kiti hiki. Nimemwona Rahimu akinipeleka, Sadalla akinipeleka, nimemwona kuku akiingia na kutoka. Ritha sijamwona akiufungua mlango ule hata mara moja. Hata moja! Mtu mzima, mwenye mtoto titini, siku kumi na moja, na mimi niliyesimamia mtambo nikaandika kila lita iliyotoka, sikuona kwamba kuna mtu hapiti.

Nilidhani mimi ndiye ninayemstahi yeye. Kumbe na yeye ananistahi mimi, na hapa katikati mtoto wa miezi mitano anakufa njaa kwa heshima zetu!

Nina hasira na sijui niipeleke wapi. Kwa Anold, aliyepanga kiti. Kwa mjenzi aliyeelekeza choo huku. Mjenzi ni mimi.


Ijumaa, 14 Februari 2025

Usingizi sikuupata vizuri. Nilikuwa najaribu maneno. Ritha mwanangu, nenda unapotaka kwenda. — Kwenda wapi baba? — Pale. — Hapana. Ritha, uko huru na nyumba yote. Atadhani namfukuza. Nimwambie Anold amwambie? Anold atauliza baba ulijuaje. Kila njia inapita kwenye mlango ule ule.

Nikaomba nihamishiwe kibaraza cha mbele. Ritha kasema Anold kakataza, ngazi za mbele ni tatu, yeye peke yake hataniweza. Kweli hataniweza.

Basi nimefanya ninachoweza. Nimekigeuza kiti. Kwa gongo, kwa mguu mmoja, nusu saa nzima, inchi kwa inchi, jasho lile bila maji. Saa nne asubuhi nikawa nimeukabili ukuta, ua nimeupa mgongo. Nikajisifu. Mjusi mmoja, ufa mmoja, kalenda ya mwaka juzi. Sasa apite atakavyo, na kopo, na ndoo, na bendi ya matarumbeta!

Akaja na uji. Nikasikia hatua zikasimama.

"Baba, nimekukosea nini?"

Nikasema hujakosea mama, endelea na shughuli zako, mimi sioni kitu. Nilisema kwa upole wangu wote. Lakini kichwa kilikuwa kinagonga, na mtu mwenye kichwa cha hivyo upole wake unatoka kama kufoka. Akaweka uji. Nikamsikia jikoni anapenga kamasi.

Hakupita. Kutwa nzima nimetega sikio, mlango wa choo haukulia bawaba. Nimetazama ukuta bure!

Jioni Anold kapiga. Anawaka. Kwamba Ritha kampigia analia, baba kamsusa, kampa kisogo tangu asubuhi, hamtazami, hasemi naye, na kama kuna kosa aambiwe, la sivyo atachukua mtoto aende kwao Maramba mpaka hasira za baba zipoe. Mwanangu ananiuliza mimi, "Baba, mke wangu kakukosea nini?"

Ningesema nini? Nilisema natazama ukuta.

"Ukuta una nini, baba?"

Nikasema una ufa. Akavuta pumzi ndefu sana. Akasema alitaka kuja kesho lakini nguzo hazijafika, atakuja Jumatatu tuyaongee. Anadhani akili zimeanza kunitoka. Nilitamani kumpiga kwa hogo.


Jumamosi, 15 Februari 2025

Asubuhi. Rahimu hajaja. Kaenda Pangani kufunga geti la mtu, karakana imefungwa. Sijapelekwa. Sijanywa hata chai. Kichwa sikielezi tena, kimekuwa ni mimi mwenyewe.

Nimekirudisha kiti kilivyokuwa, nusu saa nyingine, ili asidhani bado nimesusa. Begi lake liko kwenye kizingiti cha jikoni. Nepi za mtoto zimekunjwa juu yake.


Saa nane mchana.

Alikuwa anaanika nguo za mwisho. Jua liko utosini. Nikamwona anashika kamba, kamba ikashuka naye. Akapiga magoti kwenye simiti, pole pole, kana kwamba anataka kunipa kikombe, na hakuna kikombe. Akabaki hivyo. Kisha akalalia ubavu.

Nikapiga kelele. Rahimu! Praxeda! — nikasahau kwamba wamesafiri. Watu! Siku zote mtaa huu una masikio hata ya mtu akikaanga yai, leo hakuna mtu. Mashine ya Rahimu niliyoilaani siku kumi — kimya. Nikampigia Nasra: yuko zamu, atakuja ikiisha, saa kumi na moja. Kasema kwa mkato, mweke kivulini, maji, kidogo kidogo, chumvi chembe na sukari. Na wewe pia mzee, akasema. Simu ikakatika.

Nikashika magongo. Nikasimama, nikaenda hatua mbili, uwanja ukainuka, nikashikilia mwimo wa mlango. Siwezi. Mzee mzima nimesimama pale namtazama mtoto wa watu kalala juani na siwezi kumfikia, na nikaanza kulia kwa hasira. Nikaita, "Ritha! Ritha mwanangu!" Jina lake. Siku zote namwita mama.

Akafumbua macho. Akajikokota. Kwa viwiko, kwa magoti, mpaka kwenye kivuli cha mlango wangu, akaegemea ukuta, hapa chini ya kiti, karibu kuliko alivyowahi kukaa. Midomo yake imepasuka. Nimerudi kitini, nimemfinya ngozi ya nyuma ya kiganja kama Nasra alivyofanya. Ni mara ya kwanza kumgusa mkono tangu harusi. Ngozi ikabaki imesimama.

Nikasema. Mbio mbio, nikitazama redio. Kwamba jana sikususa. Kwamba niligeuza kiti ili apite. Kwamba nilisikia simu ya mama yake. Kwamba na mimi sinywi, tangu Anold aondoke, na kwa nini sinywi. Nilitaja choo. Nilikitaja kwa jina lake, mbele ya mkamwana.

Amejifunika uso kwa khanga. Mabega yalikuwa yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Nadhani vyote.

Nimejaza vikombe viwili kutoka kwenye jagi, na chembe ya chumvi, na sukari, za kwenye sinia la chai yangu ambayo sikuinywa. Kimoja nimempa. Amekishika kwa mikono miwili. Hanywi.

Nikasema kunywa, mwanangu. Nikasema nitafumba macho siku nzima, nitalala, nitakufa ukitaka, wewe pita.

"Baba aanze," akasema.

Nikasema nitakunywa baadaye. Akatikisa kichwa. Ndivyo alivyolelewa, mkubwa hutangulia. Na nikitangulia mimi, tangu asubuhi sijapelekwa, haitafika saa tisa kabla sijahitaji kushikwa kwapani na kupandishwa zile ngazi mbili. Nasra ni saa kumi na moja. Anold ni Jumatatu. Yeye analijua hilo. Anaitazama miguu yangu na anapima kama ataweza.

Mtoto kaamka ndani, ameanza kulia. Naandika haya ili nisimtazame usoni. Kikombe changu kiko hapa kando ya daftari, chake hakijashuka hata kidogo, na ananingoja.